Mkono wa Mpima wa Mwako

Njia ya kwenda Mwako sitaieleza, maana kila ninayemweleza anapotea, halafu lawama zinanirudia mimi. Itoshe kujua kwamba nilifika Alhamisi asubuhi nikiwa na mfuko wangu wa vifaa na barua ya kuitwa. Mimi ni fundi wa vinanda vya kanisani, vile vya zamani vya kukanyaga kwa miguu. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na miwili, na sina subira na mtu anayeniambia kinanda kimezeeka. Kinanda hakizeeki, kinatunzwa vibaya. Kile cha kanisa kuu la Mwako kilikuwa kimekatika sauti, ndipo wakanitafuta.

Nitasema na jambo la pili mapema, msije mkasema nilificha. Wakati ule nilikuwa nimemaliza miaka miwili bila kuhisi uwepo wa Mungu hata kidogo. Tangu nimzike mke wangu Eliwaza, nilikuwa naomba kama mtu anayeongea na ukuta. Nyumbani hakuna aliyejua. Nilipiga nyimbo, nikasema amina, nikarudi kulala. Sikujua naelekea nchi ambako jambo hilo lina adhabu yake kisheria.

Karani wa langoni alinifunga utepe mweupe mkononi.

"Huu ni wa wageni," akasema. "Mwisho wake Jumamosi. Jumamosi utapimwa kama sisi wote."

"Nipimwe nini, presha?"

"Joto la Uwepo, Fundi." Alinitazama kama nimemuuliza jua ni kitu gani.

Mwako ni nchi nzuri, nisiwasingizie. Katikati ya mji kuna chemchemi ambayo hakuna aliyeichimba, inatoa maji usiku na mchana, kiangazi na masika, na watu wote wanakunywa hapo. Udongo wao ukiuangushia mbegu kwa bahati mbaya, keshokutwa imeota. Ila watu wenyewe wanatembea na nyuso za watahiniwa wanaongoja matokeo.

Sheria ya Uwepo, ambayo nilipewa nakala, ina vifungu arobaini. Nitawapa vichache. Kila Jumamosi, kila mtu mzima anasimama mbele ya Mpima. Mpima anaweka kiganja chake cha kulia juu ya kifua, chini kidogo ya koo, kisha anatamka. Anayewaka anapewa utepe mwekundu: huyo anakaa mbele kanisani na anaruhusiwa kuwaombea wengine kwa sauti. Aliye vuguvugu anapewa wa njano: huyo anaruhusiwa kusema amina tu. Asiye na joto anaitwa Mkavu, hapewi kitu, na anaambiwa arudi wiki ijayo. Akiwa Mkavu Jumamosi nne mfululizo anapelekwa Barazani, na kutoka Barazani anavushwa daraja kwenda Ng'ambo, mahali pasipo kanisa wala kengele, eti asiambukize wenzake.

Kilichonichosha zaidi ni kifungu cha saba. Kinasema hivi: jambo linalotokea kila siku si ushahidi wa Uwepo. Basi mtu akisimama Barazani hawezi kusema Mungu amemlisha, kwa sababu alikula na juzi pia. Hawezi kutaja mvua, ilinyesha na mwaka jana. Chemchemi hairuhusiwi hata kutajwa kwa jina.

Alasiri ile ile niliketi Barazani nikingoja ufunguo wa kanisa, nikasikiliza mjadala. Mjumbe mmoja alitaka vinyweleo vinavyosimama mwezi wa saba vihesabiwe nusu, kwa kuwa mwezi wa saba kuna baridi. Mwingine akauliza machozi ya mtu aliyetoka kukata vitunguu yawekwe fungu gani. Walipiga kura mara tatu, kura zikalingana, ikaundwa kamati ndogo ya vitunguu. Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Zebedayo, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba kupitishiwa maji, alifunga kikao kwa kusema nchi imepiga hatua.

Nikapewa ufunguo. Nilipofungua mgongo wa kinanda, nilikuta ngozi ya mvukuto, ule mfuko unaosukuma hewa, imekauka na kupasukapasuka. Nikasema moyoni, haiwezekani. Ngozi hii hupasuka hivi ikiwekwa juu ya moto. Nikapiga magoti, nikagusa sakafu. Jamani, ilikuwa ya moto! Nikainua ubao mmoja. Chini ya kanisa zima, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, kulikuwa na majiko ya mkaa yamepangwa mistari, na ya mbele, walikokaa wa tepe nyekundu, yalikuwa makubwa zaidi.

Nilimwita Mheshimiwa Zebedayo. Sikumung'unya maneno.

"Mheshimiwa, mkinitaka nitengeneze kinanda hiki, majiko yatoke. Nikibandika ngozi mpya leo, mwezi ujao itapasuka."

Alitazama huku na huku, akashusha sauti yake kubwa mpaka ikawa ya mtu wa kawaida. "Fundi, tukiyatoa, watu watahisi nini?"

Kusema kweli swali lilinichoma mimi pia. Nikarudisha ubao mahali pake, nikaanza kupima ngozi.

Wageni wa Mwako hulala katika Nyumba ya Wagonjwa, kwa sababu ndiyo yenye vyumba vya ziada. Aliyeisimamia alikuwa mama wa makamo aitwaye Elisifa, mwembamba, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Mkononi hakuwa na utepe wowote.

"Usishtuke, Fundi," akaniambia akinimiminia chai. "Siambukizi. Au kama naambukiza, basi umeshachelewa, kikombe hicho ni changu."

Nilimuuliza kulikoni. Akanieleza huku anakoroga uji, bila kujihurumia. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliamka asubuhi moja hahisi kitu. Hakufiwa, hakuugua, hakutenda dhambi ya kupigiwa kelele. Ile hali ya kujua kwamba kuna mtu chumbani pamoja naye anapoomba ilikwisha tu, na haikurudi. Miaka yote hiyo alisimama mbele ya Mpima akanyamaza, akapewa utepe. Jumamosi tatu zilizopita alichoka kunyamaza. Akasema mbele za watu, "Baba Mpima, sihisi kitu." Wiki iliyofuata akasema tena. Na iliyofuata.

"Kwa hiyo keshokutwa ni ya nne," nikasema.

"Ni ya nne."

"Na wakikuvusha, hawa wagonjwa je?"

Hapo ndipo mkono wake ulisimama kukoroga. Alinionyesha kwa kidevu kitanda cha dirishani, alikolala bibi mmoja mdogo kama mtoto, anavuta pumzi kwa shida. "Wengine watapata wa kuwapikia. Yule Bibi Ndeanka siku zake zimebaki chache, na ameniomba neno moja tu, kwamba akiwa anaondoka nimshike mkono nimwombee. Nimemwahidi. Sasa kisheria hata leo siruhusiwi kumwombea kwa sauti, na Jumamosi nitakuwa Ng'ambo. Ndicho kinachoniuma, Fundi. Hayo mengine potelea mbali."

Baadaye aliingia mwanamume mrefu mwenye nywele za mvi, glavu nyeupe mkono wa kulia, akaketi kando ya kitanda cha yule bibi, akamwamkia kwa adabu: "Shikamoo, mama." Huyo alikuwa Aikaeli, Mpima wa Mwako. Bibi Ndeanka alikuwa mama yake mzazi.

Kabla hajaondoka alimvuta Elisifa mlangoni, nami nilikuwa karibu, nikasikia. "Dada, Jumamosi nyamaza tu. Nakuomba. Nitaweka mkono, nitasema mwekundu, mambo yaishe. Mama anakuhitaji."

"Baba Mpima, nitamwombeaje mama yako kwa utepe wa uongo?"

Aikaeli aliivuta glavu yake vizuri, akaenda zake.

Ijumaa nilibandika ngozi, na wakati inakauka nikapita sokoni. Kila kibanda kilikuwa na foleni, na foleni zote zilikuwa za kitu kimoja: mafuta ya kuchua, makali, yenye pilipili, katika makopo madogo ya bati. Nikauliza ni ya nini. Ya mgongo, wakanijibu. Nilikuwa sijaona nchi nzima inayoumwa mgongo kila Ijumaa. Nilitafakari kidogo, nikaelewa, na Mungu anisamehe, nikanunua kopo moja.

Jumamosi asubuhi nilijifungia chumbani, nikafungua vifungo vya shati. Kumbe mlango haukushika vizuri. Elisifa alipita na ndoo, akasimama.

"Fundi, unajichua kifua au unakaanga samaki?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka kuliko kifua. Nikamweleza yote: Eliwaza, ule ukuta, ile miaka miwili. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia pia siwaogopi wao peke yao. Naogopa kwamba pengine Mpima akisema hakuna kitu, itakuwa kweli hakuna kitu.

Aliweka ndoo chini.

"Mimi kila asubuhi namwambia hivi: Bwana, leo pia kimya. Haya. Lakini ulisema utakuwa pamoja nasi, na wewe si mwongo, kwa hiyo upo hapa jikoni, na nisipokuhisi ni shauri langu, si lako. Halafu nawasha moto. Siku nyingine namgombeza kabisa. Namwambia, umeniacha na kazi hii yote na hata kunisalimu hunisalimu!" Akacheka. "Fundi, mtu hawezi kugombana na kiti kitupu miaka kumi na mmoja. Angeshachoka. Mimi sijachoka. Nguvu ya kugombana naipata wapi?"

Alibeba ndoo yake akaenda. Nilipangusa mafuta yote kifuani, nikafunika kopo, nikalitia mfukoni, nikafunga vifungo vya shati. Palikuwa pakavu kifuani kama ngozi ya kile kinanda.

Baraza lilijaa. Tepe nyekundu zilikuwa mbele, njano nyuma, na harufu ya pilipili ilikuwa kali kiasi kwamba karani alikuwa anapiga chafya kila anapogeuza ukurasa. Elisifa aliitwa kwanza. Mimi nilikuwa wa pili kwenye orodha, mgeni ambaye utepe wake umekwisha.

"Elisifa," akasema Mheshimiwa Zebedayo, "una ushahidi wowote wa Uwepo katika maisha yako? Ukumbuke kifungu cha saba."

"Nina wagonjwa kumi na wanne, Mheshimiwa. Kila asubuhi napata nguvu ya kuamka na kuwahudumia."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Basi hiyo haihesabiki. Lingine?"

"Namwamini."

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja alisimama akasema kuamini hakumo katika orodha ya dalili zinazopimika, akaomba kumbukumbu zionyeshe hivyo. Zikaonyeshwa.

"Basi nina swali," akasema Elisifa. "Bwana wetu alipotundikwa, alilia kwamba Mungu amemwacha. Kwa sauti kubwa, mbele za watu. Mngempima saa ile, mngempa utepe gani?"

Wajumbe walifunua nakala zao za Sheria, mbele na nyuma. Mheshimiwa Zebedayo alifuta paji la uso. Hatimaye mjumbe wa kamati ya vitunguu alisimama polepole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nataka ieleweke kwamba ile ilikuwa Ijumaa. Ijumaa si siku ya vipimo."

Mtaniamini nikisema walipiga makofi? Walipiga, kwa nguvu, kama watu waliookolewa majini. Na Mwenyekiti, akiwa amepata pumzi, akaamuru Mpima atimize wajibu wake.

Aikaeli alivua glavu. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, nikakiona kile kiganja kwa mara ya kwanza. Kilikuwa cheupe, kigumu, kinang'aa kama ngozi iliyoungua zamani ikapona vibaya. Aliweka mkono chini ya koo la Elisifa. Aliuacha pale muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka Mpima.

"Sihisi kitu," akasema.

"Imeandikwa," akasema Mwenyekiti akinyanyua nyundo yake ya mti. "Mkavu kwa mara ya nne. Avushwe..."

"Ngoja, Mheshimiwa, sijamaliza. Sihisi kitu kwake, na sihisi kitu kwa mtu yeyote. Mwaka wa tisa huu." Aliinua kiganja watu wote wakione. "Pilipili yenu imekiua. Kila Jumamosi vifua mia tatu, na kila kifua kimechuliwa. Naangalia macho tu. Anayetokwa na machozi nasema mwekundu. Mheshimiwa, hata wewe sijawahi kukuhisi."

Sijui nguvu zilitoka wapi, lakini nilitoa kopo langu nikaliweka mezani mbele ya Baraza. Lilitoa mlio mdogo wa bati. Nikasikia mlio mwingine nyuma yangu, wa bati pia, na mwingine, na mwingine. Kumbe kila mtu alijua kwamba yeye anajichua, na kila mtu aliamini kwamba wenzake wanawaka kweli. Mama mmoja mnene wa utepe mwekundu alikuwa analia kwa sauti, anamwambia jirani yake, "Na wewe? Hata wewe?" na jirani anaitikia kwa kichwa, wanashikana mikono.

Ila sheria ni sheria. Karani alisimama, akapiga chafya, akasoma kifungu cha thelathini na moja: kipimo cha Mpima Mkavu ni batili. Maana yake tepe zote za miaka tisa zilikuwa batili. Maana yake nchi nzima ilipaswa kuvuka daraja. Ukazuka mjadala mkali wa nani abaki kufunga lango. Mjumbe mmoja akashauri kwamba ni rahisi zaidi kuhamisha kibao kilichoandikwa Ng'ambo kukileta huku kuliko kuhamisha watu, na hoja hiyo ikaungwa mkono.

"Mheshimiwa," akasema Elisifa katikati ya kelele, "naomba ruhusa. Bibi hajanywa uji."

Walikuwa bado wanabishania kibao. Akaondoka. Aikaeli akamfuata, nami nikawafuata.

Bibi Ndeanka alikuwa amebadilika. Pumzi zilikuwa zinakuja moja moja, kwa kuachana, na macho yalikuwa yanamtafuta mtu. Uji haukuwa na kazi tena. Elisifa alipiga magoti, akamshika mkono kama alivyoahidi.

"Nimekuja, bibi yangu."

"Niombeeni," akasema yule bibi.

Elisifa alimgeukia Aikaeli. "Anza wewe. Ni mama yako."

Mzee wa watu alirudi nyuma hatua moja. "Mimi? Dada, umesikia mwenyewe. Mimi sina kitu. Nitaombaje na sihisi kitu?"

"Hajakuuliza unahisi nini. Amesema aombewe."

Aikaeli alisimama pale, mrefu, mvi tupu, kama mtoto wa sekondari aliyeitwa mbele. Kisha alipiga magoti upande wa pili. Hakujua aweke wapi ule mkono, basi akauweka pale alipozoea, kifuani, chini ya koo la mama yake. Akaomba. Haikuwa sala nzuri. Alikosea maneno, alirudia, akasema, "Bwana, sijui kama unanisikia, ila huyu ni mama yangu, ulinipa wewe, mpokee." Elisifa akaichukua sala hapo alipoishia, akaendelea nayo kwa sauti yake ya kila siku, ile ile ya kuwaitia watu chai.

Walipomaliza, Bibi Ndeanka aliinua mkono wake, akaulaza juu ya mkono ule wenye kiganja kilichoungua.

"Mkono wako una joto, mwanangu," akasema.

Aikaeli alitazama mkono wake kama haukuwa wake. Hakuhisi kitu, baadaye aliniambia hivyo, hata wakati ule hakuhisi kitu. Lakini mama yake alihisi, na kabla ya saa nane alikuwa amekwenda, ametulia, mikono yote miwili imeshikwa.

Jumapili nilipiga kinanda katika mazishi. Majiko hayakuwashwa, kwa kuwa Baraza lilikuwa bado linajadili. Asubuhi ile kulikuwa na baridi kanisani, watu walikaa popote, karibu karibu, na waliimba vizuri. Ngozi yangu haikupasuka. Najua kazi yangu.

Nimesikia kibao cha Ng'ambo kilihamishwa kweli, na sasa kimesimama katikati ya mji, pale penye chemchemi. Nimesikia pia kamati ya vitunguu bado inakutana. Elisifa ameniletea barua moja. Anasema kwake bado ni kimya, Aikaeli anamsaidia kubeba maji ya wagonjwa, na nisisahau kurekebisha ule mlango wa chumba siku nikirudi.

Kopo nililiacha pale mezani, na kusema kweli lingenifaa kwa goti. Mimi nimerudi kwenye nyumba yangu isiyo na Eliwaza. Leo asubuhi nilipiga magoti mahali pale pale. Nikamwambia Bwana, leo pia kimya, haya, lakini ulisema upo. Nikamgombeza kidogo kwa habari ya mke wangu. Nilingoja. Sikuhisi kitu. Nikasema amina, nikachukua mfuko wangu wa vifaa, nikaenda kazini, na sikwenda peke yangu.